Pesa ya Tundu Niliyoitia Mdomoni

Mmeniuliza mno. Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na wengine mmenifuata hadi kwenye cherehani nikiwa na pini mdomoni, mkitaka niwasimulie Marekani huku nashona. Nimechoka kurudia. Naandika mara moja hapa, someni, kisha mniache nimalize sare za kwaya. Habari za tiketi na viza sitaziandika, zinachosha. Nitaandika yaliyonitoa macho, na mengine hata leo sijayaamini.

Makambako hadi Dar es Salaam

Safari yote ilitokana na pesa moja. Wanaonijua wanalijua kopo langu la pesa za Kichina. Kwa msiolijua: nimezikusanya tangu usichana wangu, kutoka kwa watu waliokaa karibu na kambi za Wachina waliojenga reli. Ni pesa za zamani za shaba, duara, zina tundu la mraba katikati na herufi nne kulizunguka. Waliokuwa nazo kila mmoja alizifanyia lake. Kuna waliozipigilia juu ya mlango, kuna waliozishonea kwenye nguo za vichanga, na bibi mmoja wa Mlimba aliitumbukiza yake mtungini ili maji yasiingiwe na husuda. Mimi siamini yote wala sikatai yote. Nazipenda tu, na nina namna yangu ya kuzijua: naiweka pesa ulimini. Ya zamani imetulia, ya bandia inawasha ulimi kama betri ya redio.

Iliyo mama wa zote ni ile niliyofungwa mwenyewe nikiwa mchanga, kwa uzi mwekundu. Nilikuwa nimeshikwa na degedege, na baba alikuwa kibarua wa reli. Mchina mmoja wa kundi lake akaja nyumbani, akanifunga ile pesa, nikapona. Baba husema ni sindano ya zahanati. Mama, Mungu amrehemu, alisema ni sindano na pesa, zote mbili, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Sasa mdogo wangu wa mwisho, Tumaini, anaishi Oakdale, kule Minnesota. Mwanawe Gloria, binti wa miaka saba, alianza kuanguka. Madaktari wakasema ni kifafa, wakampa dawa, kuanguka kukapungua lakini hakukuisha. Tumaini akanipigia simu analia.

"Dada, niletee ile pesa iliyokuponya. Na tafadhali, Pasta asijue."

Pasta ndiye mumewe, Mkongo wa Uvira, mchungaji. Kwa hiyo niliondoka nyumbani nimefunga kwenye pindo la khanga uzima wa mtoto na siri ya ndoa ya watu. Jaribuni ninyi kulala kwenye basi na mzigo wa namna hiyo.

Hata hivyo basi lenyewe halikutaka tulale. Liligoma karibu na Mikumi, konda akatukataza kushuka kwa sababu ya simba, halafu akashuka yeye kujisaidia. Tulikaa pale mpaka tukaanza kula zawadi za watu. Mimi nilikula karanga alizonipa mama Atu nizipeleke Minnesota. Mama Atu, sasa unajua.

Uwanja wa ndege wa katikati

Tulipofika mahali pa kubadilisha ndege tukaambiwa hatuendi. Nikauliza kuna nini. Wakasema theluji imejaa Minneapolis. Nilishangaa, maana ndege inapita juu ya mawingu na juu ya bahari, halafu inashindwa na kitu kinachoanguka kimya kimya! Nikaketi kwenye viti vya chuma na sweta langu la Makambako, nimenuna.

Pembeni yangu alikuwa binti Mkenya, Njeri, nesi wa hospitali moja ya huko huko tunakokwenda. Aliniangalia juu hadi chini.

"Mathe, unaenda Minnesota na hiyo sweta tu?"

"Baridi naijua, mwanangu. Mimi ni wa Makambako."

Alicheka mpaka akajifuta macho. "Aki hujui baridi. Wewe ngoja tu." Kisha akafungua mfuko, akatoa chapati zilizofungwa kwenye karatasi, akanipa mbili. Laini, zina tabaka kwa tabaka. Nilimsamehe kicheko chake papo hapo.

Chapati hufungua kinywa, nikamwonyesha pesa. Hakushtuka hata kidogo.

"Hizo ziko kwa kila duka ya kucha. Wanafunga tatu na uzi red, unaweka kwa purse ndio pesa isiishe. Hata mimi niliweka."

"Ikawaje?"

"Bado niko broke."

Lakini nilipomweleza habari za Gloria aliacha mzaha. Alinishika mkono. "Mathe, dawa asiwache hata siku moja. Na hiyo kitu usimfunge kwa shingo. Akianguka, uzi unaweza kumnyonga. Promise me."

Nikamwahidi. Sikuwahi kufikiria kwamba kinga inaweza kumnyonga inayemkinga, na wazo hilo lilinikaa kooni mpaka ndege ilipoitwa.

Minneapolis hadi Oakdale

Njeri alikuwa na haki ya kucheka. Milango ya uwanja ilipofunguka, pumzi ilinikatika. Pua ziligandamana ndani. Machozi yalitoka bila huzuni yoyote. Nikasimama palepale nikiwaza, watu hawa walikosa nini hata wakaletwa kukaa hapa?

Akaja mwanamume mrefu mwenye koti jeusi, ndiye Pasta, tabasamu limejaa uso, akapokea mzigo wangu kwa mikono miwili.

"Karibu sana, yaya! Ulifika muzuri?"

Yaya! Nilibaki mdomo wazi na baridi ikaingia. Nimevuka dunia, nimeacha cherehani yangu, nimeacha wateja wa Pasaka, kumbe nimeletwa kulea mtoto? Njia nzima sikusema neno. Yeye akawa anaendesha taratibu kwenye barabara nyeupe, kila baada ya kitambo ananiuliza: "Yaya anasikia baridi?" "Yaya anapenda sombe?" Na mimi nikijibu "mm" na hasira inapanda.

Tulipofika sikumkumbatia Tumaini hata. Nikamvuta chumbani.

"Mlitaka yaya, si mngesema? Mngetafuta msichana wa Iringa, mimi mtu mzima mnanifanyia hivi?"

Tumaini alinitazama, kisha akaanguka kitandani kwa kicheko. "Dada! Kwao yaya ni dada mkubwa. Anakupa heshima, anaogopa hata kukutaja jina."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mtu ananivika taji mimi namnunia! Nikarudi sebuleni nikamsalimu shemeji upya, kwa sauti ya juu kupita kiasi, naye akafurahi bila kujua kwa nini.

Mezani kulikuwa na fufu, ugali wa kwao, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, na samaki wa chumvi. Gloria akaja kukaa karibu nami. Ni mtoto mwembamba, macho makubwa, anaelewa kila neno la Kiswahili na kulijibu kwa Kiingereza. Nilikuwa namega tonge la pili alipoona uzi mwekundu unachungulia kwenye pindo langu. Akauvuta. Pesa ikatoka ikaning'inia mbele ya macho ya baba yake.

"Mommy, is this the magic coin?"

Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hicho nilikielewa.  Pasta aliweka tonge lake sahanini bila kulila.

"Tumaini. Ulituma yaya akuletee fétiche, hirizi, mu nyumba yangu?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Wewe unaomba," Tumaini akasema, "daktari anatoa dawa, na bado mtoto anaanguka. Mimi mama yake nifanye nini? Nikae?"

"Kila dimanche ku kanisa niko naambia watu waache hivi vitu. Leo niko na kimoja ku meza." Akanigeukia, na bado kwa adabu. "Yaya, unisamehe. Wewe utalala humu hata mwaka. Hiyo kitu haitalala humu. Ukirudi, utarudi nayo."

Ndivyo pesa iliyoniponya ilivyolala ndani ya gari, kwenye kisanduku cha mbele, kwenye baridi ya kupasua mawe. Gloria alilia. Tumaini hakumtakia mumewe usiku mwema. Na mimi niliyeleta balaa nikapewa blanketi nzito kuliko zote.

Oakdale hadi Blaine

Tumaini anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Mmoja wao ni Bi Lin, Mchina anayeishi Blaine kwenye nyumba mpya ya mwanawe, huko kusikofikika bila gari. Kesho yake akanichukua. "Twende tumuulize yeye. Angalau tujue tunagombania nini."

Tulipoegesha, nikaitoa pesa kwenye kile kisanduku. Ilikuwa ya baridi hadi ikaniuma vidole. Nikajiambia, Sabina, huwezi kumpa mtu mzima kitu baridi namna hii mkononi. Na mnajua tabia yangu ya pini. Nikaitia mdomoni niipashe moto, uzi ukabaki unaning'inia nje ya midomo.

Ikaganda ulimini. Jamani, iliganda! Nikavuta uzi, ulimi nao ukaja. Tumaini alikwisha kubonyeza kengele. Mlango ukafunguka, akatokea bibi kizee mfupi mwenye nywele nyeupe, na mimi nimesimama nimetoa macho, mdomo umefumbwa, uzi mwekundu unaning'inia kidevuni, siwezi hata kusema shikamoo.

Bi Lin alipiga ukelele ambao sijausikia tangu msiba wa mama. Alirudi nyuma akagonga ukuta.

Joto la ndani liliibandua ile pesa, nikaitemea kiganjani, naye akaiona, akaanza kusema upesi upesi kwa Kiingereza chake kifupi. Tumaini akawa anatafsiri, na kadiri alivyotafsiri ndivyo uso wake ulivyobadilika.

"Dada, anasema kijijini kwao mzee akifa anatiwa pesa mdomoni. Inafungwa uzi mwekundu, na ncha ya uzi inafungwa kwenye kifungo cha nguo ili isiteleze kooni. Anasema ulivyosimama pale mlangoni ulikuwa maiti kamili."

 Miaka yote hii! Nimeilamba utotoni, nimeilamba ukubwani, nimewalambisha na wenzangu kuwafundisha ladha ya shaba ya zamani. Baadhi yenu mnaosoma hapa mliilamba. Poleni sana, sikujua.

Nikaomba maji. Bi Lin akaniletea kikombe cha maji ya moto, matupu, hayana jani wala sukari. Nikashukuru, nikasukutua mara tatu kwa nguvu, nikatema kwenye sinki la jikoni. Tumaini akanifinya. Kumbe kwao hayo ndiyo makaribisho ya mgeni, maji ya moto ya kunywa! Bi Lin alinitazama kwa muda, kisha akanimiminia mengine, akayanywa yake polepole mbele yangu kama anayemfundisha mtoto.

Akatupa maandazi ya mvuke yenye nyama ndani, na tukiyala akaendelea. Kabla jeneza halijafungwa, ule uzi unavutwa, pesa inatoka. Haitupwi. Anafungwa mtoto wa nyumba hiyo, mmoja tu, na mtoto huyo hashtuki usingizini, wala hapatwi na degedege, kwa sababu mzee ameibariki kwa mdomo wake wa mwisho. Pesa za kawaida ni za bahati, alisema, zinauzwa kila mahali. Hii haiuzwi. Hapewi jirani, sembuse mgeni.

"Nani alikupa?" akauliza.

Basi nikamsimulia kile kisa ambacho baba husimulia kila sikukuu, tukacheka mpaka mbavu ziume. Kwetu tunaiita senti ya mbuzi. Yule Mchina alikuwa amepata habari kutoka kwao, akakaa kwenye tuta la reli analia. Baba akamwendea. Lugha hakuna. Mchina akanyoosha mkono, kiganja kimelala, usawa wa goti. Akalaza shavu juu ya mikono na kufumba macho. Kisha akatoa ile pesa mfukoni, akaishika palepale usawa wa goti, kama kitu kilichovaliwa shingoni. Baba akaelewa: mbuzi wake amekufa, na hii ilikuwa imefungwa shingoni mwa mbuzi. Siku chache baadaye Mchina akaja kunifunga mimi, baba akakaribia kukasirika, mtoto wake afungwe kitu cha mbuzi! Mama ndiye aliyepokea. Baba naye, kwa utu wake, akampa Mchina mbuzi jike mchanga kumfuta machozi.

Nilisimulia nikicheka, Tumaini akatafsiri akicheka. Bi Lin hakucheka.

"Onyesha tena mkono," akasema.

Nikaonyesha. Ninyi mnajua kwetu kimo cha mtu huonyeshwaje. Mtoto unamwonyesha kwa kiganja kilichosimama, vidole vikiangalia juu, akue. Kiganja cha kulala ni cha mbuzi na mbwa. Ukimwonyesha hivyo mtoto wa mtu, mama yake atakuuliza una nini naye.

Bi Lin aliinama, akaweka mkono wake pembeni ya kiti, kiganja kimelala kabisa, juu kidogo ya goti. Akasema kwa Kiingereza ambacho hata mimi sikuhitaji mkalimani.

"My grandson."

 Tumaini aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Pale juu ya goti hapakuwa na mbuzi. Hapajawahi kuwa na mbuzi.

Baadaye kidogo Bi Lin akasema kwamba yeye hajui, anakisia tu: pengine mtoto aliivua pesa yake siku baba yake anasafiri, akampa imlinde huko mbali. Kwa hiyo mtoto akabaki bila kinga. Na baba huyo alipomwona kichanga mwingine ameshikwa, hakutaka kuiweka mfukoni tena.

Blaine hadi Oakdale, na hadi kwa baba

Tuliingia kwenye gari. Tumaini aliirudisha pesa kwenye kisanduku kwa mikono miwili, kama anayeweka yai. Kulikuwa na foleni ndefu kwa sababu ya theluji, na mimi nilishukuru kwa foleni.

Jioni ya Oakdale ni alfajiri ya Makambako, na baba huamka na majogoo. Nilimpigia nikiwa jikoni, sauti imefunguliwa kwa wote. Pasta alikuwa anaosha vyombo, ametugeuzia mgongo. Tumaini alikwisha kumweleza tuliporudi, naye akajibu tu, "Nimesikia."

"Haya, senti ya mbuzi imefika Marekani?" baba akacheka. "Imeona ndege!"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mkono wa Bi Lin, kiganja, mjukuu. Kicheko kilikatika. 

"Baba?"

"Nipo." Akakohoa. "Yule mbuzi hakumchinja, unajua. Tulingoja Krismasi, tukasema leo Mchina atatualika nyama. Hakumchinja. Kambi ilipohama, wenzake wakapakia vyombo, yeye akapanda lori amempakata mikononi. Tulimcheka, Sabina. Tulicheka mpaka tukakaa chini."

Baba akaendelea.

"Na alimpa jina. Kila jioni alikuwa anasimama nyuma ya kambi anamwita. Shauwe! Shauwe! Na sisi vibarua tukawa tunamwigiza."

Maji yaliacha kutiririka kwenye sinki. Pasta aligeuka, mikono inadondosha povu.

"Papa," akasema taratibu, "hiyo haiko jina ya mbuzi."

"Hapana, mwanangu," baba akajibu. Nilimsikia analia, na baba yangu sikumsikia akilia hata kwenye msiba wa mama.

Pasta alitoka nje bila koti. Tulisikia mlango wa gari. Aliporudi theluji ilikuwa kwenye nywele zake na pesa ndani ya ngumi. Tumaini akaanza kusema, akamzuia kwa mkono.

"Dawa ya munganga wa hospitali itaendelea kila siku. Hii haiko dawa, na haiko fétiche. Hii ni mutoto wa mutu."

Nikamwambia shingoni haifai, nesi amekataza. Akapiga magoti mbele ya Gloria, akamfunga kwenye kifundo cha mkono, uzi ulikuwa mrefu akauzungusha mara mbili. Kisha akatuambia tushikane mikono, na baba akiwa bado kwenye simu, akaomba kwa Kiswahili cha kwao. Akataja watoto wawili mbele za Mungu, Gloria na Shauwe.